Nilidhani ni nusukaputi, kumbe vidonge viko mfukoni mwangu!

Jamani, kuna watu wanaogopa nyoka, kuna wanaoogopa trafiki, ukoo wetu sisi tunaogopa nusukaputi. Aliyetuanzishia ni bibi mzaa baba. Yeye alikuwa akisema mtu akishalazwa kwa dawa ya hospitali, roho inatoka kwenda kutembea, na roho nyingine zikishaona mji mzuri huko hazirudi tena. Tumekua na hofu hiyo. Mpaka leo ukilitaja neno lenyewe nyumbani kwetu Temeke, Mama anajishika kifua.

Kwa hiyo Juni 2016, mzee wangu alipoambiwa lazima apasuliwe ngiri, kikao cha ukoo hakikuzungumzia ngiri hata kidogo. Kilizungumzia usingizi. Je, ataamka? Baba mdogo alikuja na hoja zake, shangazi na zake, mie nikakaa pembeni nikisikiliza kama karani wa mahakama. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali lililotakiwa kuulizwa. Mie nikiwamo, tena mie ndiye wa kwanza.

Lakini inabidi nirudi nyuma kidogo, la sivyo tutapotezana njiani.

Baba alikuwa karani bandarini. Wale wa zamani, shati jeupe limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, mwandiko kama umepigwa chapa. Barua za posa za nusu ya mtaa wetu aliziandika yeye, na nasikia hakuna hata moja iliyokataliwa. Mwaka 2009 mwandiko huo ukaanza kusinyaa. Anaanza mstari kwa herufi za kawaida, akifika mwisho zimekuwa kama sisimizi wamejipanga. Tulimcheka, tukasema mzee siku hizi anabana wino. Benki wakamrudisha mara mbili, eti sahihi haifanani na ya kwenye faili. Halafu kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vikaanza kusuguana vyenyewe, kama mtu anayehesabu noti ambazo hana.

Hapo mtaa ukapata la kusema. Wengine wakasema gongo, mtu ambaye hata bia hanywi! Wengine wakasema ni jini la baharini limemfuata kutoka gatini. Shangazi alikuja kutoka Muheza na chupa tatu za dawa ya miti shamba, moja ya kunywa, moja ya kuoga, ya tatu mpaka leo sijui ilikuwa ya nini. Ikapita kama miaka miwili hivi mpaka daktari mmoja wa mishipa ya fahamu akamwambia atembee kutoka mlangoni mpaka mezani. Alimwangalia mkono wa kulia, ambao ulining'inia tu bila kuyumba wakati wa kutembea, akasema hapo hapo: ugonjwa wa Parkinson.

Jina ni la daktari wa London, James Parkinson, aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1817. Kwa tulivyoelezwa, ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi nyeusi, na chembe hai zake ndizo zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Bila hicho, amri ya ubongo ya "nyanyua mguu" inachelewa kufika, na ikifika inafika imechoka. Chembe hizo zinakufa polepole, miaka na miaka, na mpaka siku mkono unaanza kutetemeka sehemu kubwa imeshakwenda. Dawa ya kuzifufua haipo. Ipo ya kuziba pengo tu, levodopa, kidonge ambacho kikifika kwenye ubongo kinageuzwa kuwa dopamini. Tatizo lake ni kwamba haikai. Saa chache tu imekwisha mwilini. Mzee wangu bila vidonge ni kama simu yenye betri mbovu, ukichomoa chaja tu kioo kinazima.

Ndio ugonjwa huo huo ulioandamana na Muhammad Ali. Baba alikuwa mpenzi wake mkubwa, na hadithi yake kubwa ni ya mwaka 1980, Ali alipokuja Dar es Salaam kama mjumbe wa Rais Carter kuishawishi Tanzania isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu asimpe hata nafasi ya kumwona. Miaka minne baadaye, 1984, Ali akaambiwa ana maradhi haya. Wengi mmeiona ile picha ya Atlanta 1996, mkono wa kushoto unatikisika na wa kulia umeshika mwenge. Alifariki tarehe 3 Juni 2016. Baba alilazwa wiki iliyofuata, na wodi nzima mazungumzo yalikuwa hayo. Nilitamani wabadilishe stesheni.

Sasa tuje kwenye kasheshe lenyewe.

Jioni kabla ya upasuaji sista alipita akasema kwa sauti ya wote: wa kesho, tangu saa 6 usiku kitu chochote kisipite mdomoni. Hata maji? Hata maji. Hata dawa? Mie ndiye niliyeuliza hilo, na alishafika kitanda cha nne. Akajibu bila kugeuka, "Kaka, nimesema kitu chochote." Hospitali siitaji, na sista yule simlaumu, alikuwa na wagonjwa sijui 40 peke yake. Mie nikatii. Kidonge cha mwisho nilimpa saa 4 usiku, kisha nikafunga kopo la dawa na kulitia kwenye mfuko wa shati.

Asubuhi saa 12, muda wa kidonge cha kwanza, tukasubiri. Saa 4, tukasubiri. Kila akija dharura anapita mbele, na huwezi kumlaumu mtu aliyegongwa na lori. Saa 8 mchana baba alikuwa hawezi kujigeuza kitandani, sauti imekuwa mnong'ono. Saa 9 ndipo machela ikaja. Mtaalamu wa usingizi alimwona anavyotetemeka, akasema huyu wa ganzi ya mgongo hatatulia, tumlaze kabisa. Yaani nusukaputi. Mama akajishika kifua.

Na aliamka, bwana! Saa 11 jioni tuliitwa, amefungua macho. Shangazi akapiga kigelegele mpaka mlinzi akaja. Baba akatapika mara mbili, akachomwa sindano ya kuzuia kutapika, tukaambiwa hiyo ni kawaida kwa anayetoka kwenye usingizi. Mie nikatoka nje kupiga simu, nikawatangazia ndugu wote kwamba nusukaputi tumeishinda.

Niliporudi sikumkuta baba yangu. Nilikuta gogo. Msomaji, sitii chumvi. Macho wazi, hapepesi. Shingo imekaza, ukijaribu kuinua kichwa mwili mzima unainuka nao. Mate yanatiririka, hawezi kuyameza. Nikamwita "Baba", nikaona mboni inasogea kidogo kunitafuta, basi. Yumo ndani, anasikia, na hana mlango wa kutokea.

Usiku ule kila mtu alikuwa na lake. Mmoja akasema kiharusi. Mwingine akasema dawa ya usingizi haijamtoka, subirini. Shangazi akasema si mliona wenyewe, roho imeona mji. Nilikaa chini ya kitanda mpaka adhuhuri ya siku ya pili, alipopita daktari kijana, wale wanaojifunza kazi, miwani imefungwa kwa plasta. Akasoma faili, akainua mkono wa baba, ukapanda kwa vipande vipande kama gurudumu la meno. Akaniuliza, "Mzee dawa zake za Parkinson kanywa saa ngapi?"

Nikatia mkono mfukoni. Kopo lilikuwa pale pale, juu ya moyo wangu, karibu saa 40 sasa. Lilikuwa linalia cheke cheke kila nilipokuwa natembea, na hata sikulisikia.

Yule kijana alinieleza pale pale, amesimama. Dawa hizi hazikatwi ghafla. Zikikatwa, mwili unakaza, kumeza kunakuwa shida, chakula na mate vinaingia mapafuni, wengine wanapanda homa kali na wanakufa, na haihusiani kabisa na nusukaputi. Halafu akaangalia sindano iliyochomwa. Ilikuwa metoklopramidi, ile ya kutapika inayotumika kila mahali. Kwa mimi na wewe haina neno kubwa. Lakini inafanya kazi kwa kuziba milango ya dopamini, na inaingia mpaka kwenye ubongo. Kwa hiyo baba, ambaye dopamini yenyewe anaiokota punje punje, tulimnyima vidonge kisha tukamfungia na mlango.

Tulimwekea mpira wa puani. Vidonge vyake vilikuwa vya kawaida, vile vinavyoweza kusagwa (viko vingine vya kuyeyuka polepole ambavyo ni marufuku kusaga), vikakorogwa na maji, vikapitishwa. Kwa saa yake, kila saa 4. Dozi ya tatu akapepesa macho. Siku ya tatu akafungua kinywa, tukainama wote kusikia wosia. Akanong'ona, "Yanga wamechezaje?"

Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Kwa Baba sikuwahi kulisema hilo la mfukoni mpaka miaka miwili baadaye, na alichojibu ni, "Nilikuwa nalisikia linavyolia." Basi. Hakuongeza neno, na mie sikuweza kuuliza.

Tangu hapo nikawa msumbufu. Rafiki zangu wananiita Profesa wa Vidonge, poa tu. Kila daktari niliyekutana naye nilimng'ang'ania, hata mmoja tuliyekaa naye meza moja harusini. Nilichokusanya nilikiandika kwenye karatasi moja, nikaipigisha nailoni kwa yule fundi wa vitambulisho pale stendi.

Na karatasi ikapata kazi. Machi 2022 baba aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Wakatoliki watakumbuka Papa John Paul wa Pili, yule aliyekuja kwetu mwaka 1990, naye alianguka bafuni Aprili 1994 akawekewa nyonga ya bandia, na baadaye, mwaka 2003, Vatican ikathibitisha kwamba alikuwa na Parkinson. Kuanguka ni sehemu ya ugonjwa. Miguu inaganda katikati ya hatua, na presha inaporomoka mtu akisimama.

Safari hii nilijiandaa kugombana. Nimekunja shati, karatasi mkononi. Akaja daktari wa usingizi, binti mdogo tu wa kunizidi miaka michache, akavuta kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu," baba akajibu kwa ile sauti ya mnong'ono, na yule binti akasogeza sikio badala ya kusema "ongea kwa sauti". Nikajua leo tumepata mtu.

Akauliza dawa zipi, saa ngapi. Nikasema kutwa mara tano. "Hapana, nitajie saa," akasema, "toroli la dawa la wodi linapita muda wake, na huyu ana muda wake." Nikamtajia: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Akaziandika kwa wino mwekundu. Kisha akasema mgonjwa atakuwa wa kwanza kwenye orodha ya kesho, na kidonge cha saa 12 asubuhi atameza na maji funda moja. Nikamwambia sista wa mwaka 2016 alisema kitu chochote kisipite. Akacheka. "Chakula kisipite. Maji meupe yanaruhusiwa mpaka saa mbili kabla ya usingizi. Tunachokiogopa ni tumbo lililojaa, si funda la maji."

Akatuambia atamchoma ganzi ya mgongo, si nusukaputi. Nikauliza, na kutetemeka? Akasema kutetemeka hakumzuii, ganzi ikishika miguu inatulia yenyewe. Shida yake ni mgongo uliokaza, maana mgonjwa inabidi ajikunje ili sindano ipate njia, kwa hiyo ataweka mtu wa kumkumbatia kwa mbele. Faida yake ni kwamba mzee atabaki macho, atameza dawa zake mapema, kutapika kutapungua, na yeye ataona kama mwili unaanza kukaza. Siyo kwamba nusukaputi ni haramu kwa watu hawa, alisisitiza hilo, kuna upasuaji hauwezekani bila hiyo. Akanichekesha na moja: mashine ya moyo. Mkono ukitetemeka, mistari ya kwenye kioo inaruka ruka kama moyo umeharibika, na asiyejua anaweza kukimbilia kuuamsha moyo ambao uko salama salimini.

Nikamkabidhi karatasi yangu ya nailoni. Akaisoma yote, akaongeza kwa kalamu dawa mbili nisizozijua, moja ya maumivu ambayo haichanganywi na baadhi ya vidonge vya Parkinson. Kisha akaibandika juu ya kitanda.

Fomu ya kukubali upasuaji nilinyoosha mkono nisaini mie. Baba akanitazama. Akaomba kalamu. Ilichukua dakika nzima, na sahihi ilitoka ndogo kuliko punje ya mchele. Yule binti hakusema haifanani.

Kesho yake kila kitu kilienda walivyopanga, na sina la kusimulia kwa sababu sikuwamo. Baba anasema alisikia nyundo na msumeno muda wote, akamuuliza daktari kama wanatengeneza kabati. Kidonge cha saa 4 alimeza kwenye chumba cha kuzindukia, macho makavu.

Lakini usiombe, mambo ya hospitali hayaishi siku ya upasuaji. Usiku wa pili baba alichanganyikiwa. Akaanza kuita majina ya meli, akiwaamuru wapagazi washushe mzigo wa gati namba 3, akataka kuteremka kitandani na nyonga mbichi. Walinionya kuwa wagonjwa wa aina yake hukumbwa na hilo kirahisi, lakini kuonywa na kuona ni vitu viwili. Alinitazama akanishika ukosi, akaniita mwizi wa kontena.

Sista wa zamu akaja mbio na sindano ya kumtuliza. Nikamuuliza ni ipi. Haloperido. Nikasimama mbele ya kitanda. Hiyo nayo inaziba dopamini, tena kuliko ile ya kutapika, na kwenye karatasi ilikuwa ya kwanza, nimeipigia mstari. "Dada yangu, samahani sana, soma hapo juu."

Alikasirika, si siri. Akaniambia kama najua kazi yake kuliko yeye nichukue zamu. Wagonjwa wote wameamka, mie natetemeka kuliko baba. Kwa dakika nzima nilijiona yule mjuaji wa kwenye daladala anayemfundisha dereva. Itakuwaje kama nimekosea? Mwaka 2016 nilitii, nusura nimuue. Sasa nimekataa, je akianguka? Sista akasoma karatasi, akasoma tena, akaona mwandiko mwekundu wa daktari. Akaenda kwenye simu. Aliporudi sindano hakuwa nayo. Akawasha taa, akamvalisha baba miwani yake, akaangalia saa, akasema, "Cha saa 4 alikunywa?"

Kilikuwa kimechelewa dakika 50. Tukampa. Tukakaa naye wawili, yeye kulia na mie kushoto, na kwa saa nzima tulipakua meli. Sista alikuwa akiandika makontena kwenye kitambaa cha karatasi. Alfajiri baba akalala, akaamka akiuliza chai.

Hakurudi kama zamani, nisikudanganye. Anatembea na kitembezi cha chuma, nje ya geti hatoki peke yake, na kuna siku jioni bado ananiuliza kama meli imeondoka. Ugonjwa unaendelea kula, haujali kama upasuaji ulikwenda vizuri.

Mwaka 2024 jicho la kushoto likaingia mtoto wa jicho. Kwenye kliniki ya macho mie nilikuwa nimeshavuta pumzi nianze hotuba yangu: kichwa kinatikisika, mpangieni muda ambao kidonge kimeshika kazi, dawa zisikatwe. Baba akaniwekea mkono wa kulia mapajani, ule unaohesabu noti. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi alichokiandika mwenyewe usiku, saa zote tano, dawa zote zisizotakiwa, na chini yake sahihi. Daktari akakipokea, akakigeuza huku na huku, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee," akasema, "hapa mwenye tatizo la macho ni mimi."

Baba akacheka mpaka kitembezi kikaanguka.